Milioni Moja na Tatu

Alhamisi, 8 Mei

Maharage jikoni, Elia anasahihisha madaftari ya darasa la sita, mimi nagawanya milioni moja na tatu kwa saba. Ikabaki nne! Kwa kumi na moja, nne. Kwa kumi na tatu, nne tena. Nikapiga kelele kama mtoto. Elia akacheka. Amesema ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukitaka hakika, ijaribu kwa namba tasa zote hadi elfu moja, hakuna inayoiweza. "Hiyo ni sisi, mke wangu." Ee Mungu, mume nimepata! Mwezi wa pili wa ndoa na bado natetemeka akinisogelea.

Ijumaa, 9 Mei

Kumbe kadiri unavyosonga mbele namba tasa zinazidi kuwa adimu, lakini haziishi kamwe. Nimeliwaza jambo hilo muda wote sokoni Ujiji, nikasahau vitunguu.

Jumapili wifi Adela, dada yake Elia, anashuka kutoka Kalinzi. Ndiye aliyemlea. Nataka anipende.

Jumapili, 11 Mei

Nimeharibu.

Wifi alifika na kahawa. "Yenu hii," akasema, akanikumbatia. Majirani wakaja, samaki aina ya migebuka wakanoga, nami nikajifanya mwalimu. Kila mtu nikampa namba. Jirani yetu Baba Shabani nikampa kumi na mbili, inagawanyika kirahisi.

"Kwa wake au kwa madeni?" akauliza. Watu hoi kwa kicheko. Nikanogewa.

"Na wifi yangu ni tasa!"

Nilimaanisha imara. Adimu. Kama ile yetu. Nilisema kwa furaha, tena kwa sauti.



Wifi hana mtoto. Mumewe ameoa mwingine kwa sababu hiyo. Nilijua tangu uchumba.

Alinawa mikono, ugali wake haujafika nusu.

Jumanne, 13 Mei

Baba Shabani bado anasimulia uani. Wifi hapokei simu, hata ya Elia. Haijawahi kutokea. Elia hajanilaumu. Afadhali angenilaumu. Nauchukia mdomo wangu. Nimejaribu kugawanya kwa kumi na saba, nikaacha katikati.

Jumamosi, 17 Mei

Bodaboda hadi Kalinzi. Wifi yuko shambani, anachuma kahawa. Nikamwamkia kwa Kiha: "Mwakeye, wifi." Akaitikia kwa kichwa. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikamweleza yote: saba, kumi na moja, zile nne zinazobaki. Nikalia. Aliendelea kuchuma.

Mwishowe akasema, "Na hiyo namba ilimkosea nani mpaka ikapewa jina hilo?"

Nikachukua kikapu, nikashika mstari wa pili.

Jumapili, 18 Mei

Wifi amepokea simu ya Elia. Nilimsikia mume wangu akicheka nje. Nikashukuru.

Kumi na saba: imebaki kumi na mbili. Sasa tunaiita "namba yetu" tu, jina lile hatulitaji.

Kahawa iko mezani. Jana wifi aliifunga vizuri kwenye jani la mgomba, akanipa mkononi.

"Ya mdogo wangu Elia," alisema.