Mrusi Aliyemsomea Mama

Marahaba, mjukuu wangu Mwanaidi. Bibi yako, mke mwenzio, hajambo na wivu wake.

Unauliza, huko ugenini uandike Kiswahili asome nani? Sikiliza, mimi najua Kirusi. Haya, naongopa, sijui hata neno. Ila ujanani mwangu mtunzi wa riwaya wa Kirusi alipanga kwetu Bagamoyo, keshakata tamaa kwa kukosa msomaji. Akaanza kumsomea mama yangu kurasa zake, kwa Kirusi kilekile, mama akikuna nazi.

"Hapo sauti imepoa, baba," mama humwambia. "Hata mwenyewe hupaamini."

Mrusi hucheka, akafuta, akaandika upya. Riwaya aliimaliza.

Nawe uliniahidi kunisomea hadithi yako. Nazi nimeshaifua, bibi yako ananicheka. Piga simu.