Shangazi, Jina Lako Hatukuliandika

Shangazi yangu Zuhura,

Shikamoo, popote ulipo.

Siku ya kikao cha ukoo ulikuwa uani unapika pilau. Arobaini ya babu ilikuwa imepita, na baba na ndugu zake wamekubaliana kuuza nyumba. Mimi mwenye mwandiko mzuri nikapewa kuandika muhtasari. Nikauliza, "Na shangazi je?" Baba akasema, "Zuhura ni wa humu humu, huyo haandikwi." Wakacheka kwa upendo kabisa, nami nikaendelea kuandika. Kisha ukaingia na sinia, ukatunawisha. "Kuleni wanangu, lipo lingine." Hukujua tumekwisha kuuza chumba ulichorudia baada ya talaka, ukamuuguza babu humo hadi mwisho.

Hatukuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Kila mmoja alidhani utakaa kwa mwenzake. Ukaenda kwa mmoja Ziba, ukaenda kwa mwingine Sikonge. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe ulilishika siku ya kwanza, na bado wakakuchoka.

Nikakukuta Tabora sokoni, kwenye baraza la duka, umelalia boksi. Nikakuamkia. "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Wewe ndiye uliyeniuliza! Nikasema kesho nakuja kukuchukua. Nyumbani nilikuwa na chumba kitupu. Nilimwogopa mume wangu, nikapoteza siku tatu nikitafuta maneno.

Niliporudi, baraza lilikuwa limeoshwa. Mgambo walikuwa wamewapakia garini wote mliolala pale, mji upendeze kwa wageni. Muuza ndizi akaniambia, "Wameshushwa huko porini, dada. Wengine wamerudi. Bibi yule bado."

Watu husema mnaolala nje ni wavivu. Waongo! Wengi wenu tumewatoa sisi, kwa kalamu, mchana kweupe. Dini ilikupa fungu lako, sheria pia, na hakuna aliyeuliza. Nyumba ya urithi isigongewe mhuri wa kuuzwa mpaka kila anayelala humo asomewe, aseme ndiyo kwa kinywa chake. Na mji unaopata kiwanja cha stendi haukosi kiwanja cha vyumba vya wazee wasio na mtu. Gari la mgambo halijamjengea mtu nyumba.

Nimekutafuta hospitali, misikitini, vijiji vya njiani. Nikimaliza kuswali nainua mikono, kisha nakwama. Sijui nikuombee afya, shangazi, au nikuombee kaburi lenye nafasi.

Kwa aibu na mapenzi,
Binti wa kaka yako