Feni Sita za Taa za Rangi

Lorna, mbavu zangu! Unamjua mume wangu Wendell, miezi minne anatuhubiria jinsi ya kuchagua vipuri vya kompyuta ya gemu kwa bei nafuu.

Leo kamaliza kuiunda, kawaita wazazi wangu toka Duluth na theluji yote hii waje kushuhudia. Kabonyeza. Kimya. Kabonyeza tena. KIMYA!

Mama, ambaye hata simu inamshinda, akachungulia: "Mkwe wangu, umeme unaingilia wapi?"

UMEME UNAINGILIA WAPI, Lorna!! Kanunua feni sita za taa za rangi za kupoza kompyuta, kifaa cha kuingiza umeme hana! Eti alidhani kinakuja na kasha la kompyuta.

Bado anabisha: "Lakini kubalini, nimebana matumizi."

Mama: "Umebana kweli, baba. Hata bili ya umeme haitapanda."