Mama, Sikurudi Pongwe

Mama yangu,

Uliponisindikiza stendi ya Tanga uliniuliza swali moja tu: "Utarudi lini?" Nikakujibu kwa kiburi cha msichana wa miaka ishirini na mmoja: "Miaka miwili, mama. Nijifunze kupiga taipu Nairobi, nipate cheti, nirudi nifanye kazi bandarini." Ulicheka, ukanitengenezea kanga begani. Hatukujua kwamba ndiyo tunaagana.

Nilipanga chumba mtaa wa Kaloleni huko Nairobi, kwenye nyumba za matofali ambako majirani wengi huchota maji bomba moja. Malengo yangu niliyaandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya kabati. Cheti nilikipata mapema, na kazi katika ofisi ya wauza mbao pia, lakini sikuwa na mtu wa kumwambia. Nikimwamkia mzee "Shikamoo," ananitazama kama nimemwomba kitu. Watoto wa mtaa wakanifuata wakichekelea, "Huyu anaongea kama redio!" Nikazoea kunyamaza. Kuna Jumapili zilikuwa zinapita sijatamka neno na binadamu.

Kisha mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Miaka yangu miwili ikatimia nikiwa na kila nilichokuja kutafuta, ila njia ya kurudi.

Barua ya kaka Athumani ilinifikia wiki sita baada ya wewe kuzikwa. Niliisoma pale bombani. Ndoo ikajaa, maji yakamwagikia miguu yangu, nami nimesimama tu. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Mama Akinyi wa chumba cha pili, ambaye hatukuwahi kuvuka salamu naye. Alifunga bomba.

"Wewe msichana, ni nani amekufa?"

"Mama."

Alibeba ndoo yangu hadi ndani, akakaa nami sakafuni mpaka jua likatua. Kesho yake akaleta wanawake wanne. Walikaa matanga ya mtu wasiyemjua, wakakuimbia nyimbo za kanisani, wewe uliyeswali maisha yako yote. Najua usingechukia.

Siku ya tatu, wenzake walipoondoka, alisema kwa sauti ya chini, "Hiyo barua ulijisomea mwenyewe. Mimi za msichana wangu aliyeolewa nasomewa na watu. Mambo ya nyumba yangu mtaa mzima unajua. Nifunze."

Tukaanza Jumamosi alasiri, yeye na daftari, mimi na penseli. Alikuwa akikosea anajicheka, kisha anafuta kwa nguvu hadi karatasi inatoboka. Akaleta rafiki, rafiki akaleta mwingine, wakafika kumi na mmoja, tukaomba nafasi kwenye ukumbi wa mtaa.

Siku moja alikuja na barua ya bintiye, haijafunguliwa. Aliifungua mbele yangu, akasoma polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza macho yalikuwa mekundu. Aliikunja akaificha kifuani.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Ni yangu," akanijibu.

Nilifurahi, mama, mpaka nikatoka nje. Kisha huko nje upweke ukanipiga, maana mtu wa kwanza ambaye ningemsimulia ni wewe.

Mpaka ulipofunguliwa, nilikuja kwetu Pongwe. Niliketi kaburini kwako asubuhi nzima. Nyumbani, Athumani alikuwa amenitandikia kitanda changu cha zamani, tena ameniulizia kazi. "Bandarini wanataka wapiga taipu," akasema. "Nimewaambia umekuja."

Ile ndoto yangu yote ilikuwa pale, nzima, inaningoja. Nikasikia nasema, "Jumamosi nina darasa."

"Darasa la nani, huko ugenini?"

Nikamtajia majina yao moja moja, yote kumi na moja. Alfajiri alinibebea begi hadi barabarani.

Bado nakula peke yangu. Bado kuna jioni natamani sauti moja tu inayosema kama sisi. Nililia hadi mpakani siku ile, lakini sikumwambia dereva asimamishe gari.

Pumzika kwa amani, mama. Nisamehe kwa udongo ambao sikuutia kaburini kwako.

Ni mimi, mziwanda wako