Siku Nne Bila Kumwogesha Chepngeno

Jumatatu, 7 Julai

Mama – mamake Johana, mume wangu – ameenda matanga huko Chebunyo. Anarudi Ijumaa. Akitoka aliniambia maji yasiwe moto sana. Nikajibu sawa Mama, kama mtu anayejua.

Chepngeno ana wiki saba na mimi mamake sijui kumwogesha. Nilijaribu mara moja, siku ya nne baada ya kujifungua. Akaniponyoka, akameza maji – Mama akamnyakua. Akasema nipumzike tu, yeye ataogesha. Na nikapumzika mpaka leo! Mwalimu wa nasari, watoto thelathini na wawili nawapangusa kamasi, halafu huyu mmoja wa kilo tano ananishinda. Aibu gani hii.

Leo baridi sana. Nimempangusa uso na matako, nikampaka mafuta. Kesho.

Jumanne, 8 Julai

Ukungu mpaka saa tano. Kesho basi.

Johana alirudi kutoka kuchuma majani chai, akauliza kama mtoto ameoga. Nikasema ndio. Nilikuwa nimelowesha taulo na kuianika karibu na mlango aione. Nani alinifundisha ujanja huu?

Alhamisi, 10 Julai

Jirani yetu Celine amepita. Akasema anaweza kunisaidia kuogesha, yeye amelea wanne. Si ningekubali tu! Mdomo ukasema nimeshamaliza. Akamnusa mtoto kichwani, akasema ananukia mafuta, akaenda zake.

Nimelia nikiwa nimesimama jikoni. Halafu nikatayarisha maji, vuguvugu kabisa. Nikamvua nguo. Akarusha miguu – kama siku ile aliponiponyoka. Nikamvalisha tena. Maji nikamwagia sukuma wiki bustanini.

Ijumaa, 11 Julai

Mama amefika saa nane. Hata viatu hakuvua. Akamchukua mjukuu wake, akamwinua kidevu. Kwenye mikunjo ya shingo, maziwa yameganda. Chini yake ngozi nyekundu, imechubuka. Harufu! Sikuwahi kuangalia hapo. Siku nne nampaka mtoto wangu mafuta juu ya uchafu.

Mama akaniuliza polepole, "Ulikuwa unamwogesha?"

"Kila siku, Mama."

Ilitoka haraka hivyo. Sikufikiria hata kidogo.

Akaangalia shingo, akaniangalia mimi. Hakugomba – heri angegomba. Akaweka sufuria ya maji kwa moto, akaleta beseni, akavuta stuli, akakaa na mtoto mapajani.

"Safari imenichosha," akasema. "Leo mwogeshe wewe. Mimi nitaangalia tu vile huwa unafanya."

Nikasema natafuta taulo. Ndiyo niko hapa chumbani naandika, na taulo ziko tele kitandani! Ningemwambia tu: Mama, naogopa. Maneno mawili. Lakini nikisema hayo itabidi niseme na yale mengine, ya taulo, ya Celine, ya kila siku Mama.

Maji yanamiminwa. Chepngeno analia. Mama ameniita, sasa ameniita mara ya pili, bado kwa upole. Sijui hata ni mkono gani unashika kichwa.