Utepe wa Vidole Vinne

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu mama alitulea tusalimu hata kama moyo umefura. Hujambo? Vumbi la hiyo barabara mnayojenga halijakurudishia kile kikohozi? Na greda ulilokabidhiwa linakutii? Mimi ni mzima. Mkeo ni mzima. Binti yako ametimiza miezi saba, ameota jino la pili, na anauma kila kinachomkaribia, pua yangu ikiwemo. Basi, salamu zimekwisha. Yanayofuata yasome ukiwa umekaa.

Nimeandika barua badala ya kukupigia, na simu nimeizima makusudi. Nakujua. Ungenikatiza, ungenitania mpaka nicheke, na nikishacheka ungesema yameisha. Karatasi huwezi kuitania.

Nianze mwanzo, kama ninavyofanya kwenye shajara yangu. Jumapili ya kwanza ya mwezi uliopita uliniomba nimfumie binti yako utepe wa kichwani. Ulisema unataka apigwe picha ya kubandika kwenye kibanda chenu huko kazini, kwa sababu wenzako wamekuchosha kuuliza mtoto anafanana na nani. Nilifurahi, sikufichi. Nikakuuliza upana. Ukasema vidole vinne. Nikakwambia vidole vinne ni bandeji, mtoto mdogo namna ile viwili vinamtosha. Ukashikilia vinne, tena uzi mzito usioonyesha ndani, na utepe ukae chini, ugusane na nyusi. Ukaniambia ndio mtindo wa sasa. Nikajiuliza moyoni, huyu anayeshinda kwenye kifusi, mtindo wa sasa kaujulia wapi? Lakini baba wa mtoto ni wewe, mimi shangazi tu. Nikakubali vinne.

Kazi niliifanya kwa moyo mmoja. Nilichagua uzi wa pamba, rangi ya maziwa. Sufu niliikataa kwa sababu inawasha, na kwa nini nalijua hilo, wewe unajua. Nilichukua sindano yangu nyembamba ya kroshia, nikafuma mnyororo, nikaurudia mstari juu ya mstari huku nikibana vitanzi ili mwanga usipenye, kama ulivyoagiza. Mara mbili niliufumua wote kwa sababu ulikuwa mgumu kama mkanda wa buti. Ukingoni nikauzungushia vipinde vidogo vidogo ili angalau uonekane ni wa mtoto. Nyuma nikaweka kifungo, usimbane. Nilipomaliza niliutazama, nikaona ni kazi nzuri, ila kuna kitu kilinikera na sikukipatia jina.

Ijumaa nikaupeleka mwenyewe, maana utepe haujaisha mpaka ujaribiwe kichwani. Nilibisha hodi nikasikia miguu ikikimbia ndani, droo ikifunguliwa, mtoto akilalamika. Wifi alipofungua, binti yako alikuwa amevishwa kofia ya baridi iliyoshuka mpaka kwenye kope. Ndani ya nyumba, mdogo wangu, saa saba mchana, bati linapasuka kwa joto! Nikanyoosha mkono nimvue. Wifi akanishika kiganja kwa nguvu, akaniambia mtoto ana mafua. Mtoto mwenyewe alikuwa ananichekea na pua kavu kabisa.

Mama mkwe wako alikuwa amekaa kwenye kochi anachambua mchele. Yeye ndiye aliyesema waniache nione, kwamba mimi si mgeni, na kitu chenyewe hakitaondoka kwa kufunikwa. Wifi alianza kulia kabla hajaigusa kofia.

Nikaona. Baka jeupe katikati ya paji la uso, umbo la jani, ncha imeshukia kati ya nyusi. Juu yake kishungi cha nywele nyeupe pe, laini kama pamba. Na pembeni, pale kofia inapobana, upele wa joto mwekundu umemtoka mstari mzima. Mtoto alipopata hewa alijikuna, akapiga kelele za furaha.

Sasa nikuandikie aliyonieleza mkeo, ili usije ukasema sikumwelewa. Alisema ulimwambia ni mvuke wa pasi. Kwamba alifanya kazi kwa dobi mpaka mimba ikawa kubwa, akiinamia pasi za moto kutwa, na mvuke ndio uliomwondolea mtoto rangi. Alisema hukumgombeza. Ulimshika mkono ukamwambia umemsamehe.

Umemsamehe! Kalamu yangu imetoboa karatasi hapo, utaona mwenyewe.

Akaacha kazi kwa sababu hiyo. Dobi alikuwa amemwahidi kumpa usimamizi wa chumba cha pasi, nafasi akapewa mwingine. Mama yake akamalizia kwamba yeye alimwonya tangu mwanzo kuhusu mapasi hayo, akamwinamia mjukuu, akamwita mke mwenzangu kwa upendo wote, na mkono wake ukaanza kuivuta kofia chini. Wifi alisema pia kwamba muuguzi wa kliniki alimtuliza. Alimweleza kuwa hiyo si ugonjwa wala kuungua, watu wengine huzaliwa nayo, amkinge tu na jua kali. Halafu muuguzi akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Kwao hakuna. Mkeo akakupigia simu akakuuliza wewe.

Ukamjibu kwenu pia hakuna.

Niliomba maji. Nilikunywa glasi mbili nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitasema maneno ambayo si ya kusikiwa na mama mkwe. Kabla sijamaliza, mpiga picha uliyemwagiza akabisha mlangoni na shuka lake la kutundika ukutani na kikaragosi cha kuchekeshea watoto. Wifi akanyakua utepe mkononi mwangu, akamfunga mtoto haraka haraka, ukakaa sawasawa na vipimo vyako. Kila kitu kilizibwa.

Mpiga picha ni mtu wa mizaha. Alimtazama bintiyo akauliza huyu mchezaji amegongwa kichwa dakika ya ngapi, na refa alisemaje. Akaomba utepe upandishwe kidogo ili macho yaonekane. Wifi akakataa. Mtoto akaukamata kwa mikono miwili, akauvuta, ukamfunika macho, akaanza kulia kilio cha kukosa hewa. Kikaragosi kikapigishwa kelele, wapi. Wifi akaurudisha. Mtoto akauvuta tena. Mpiga picha akauliza kwa upole kama kuna sababu ya kumtesa.

Ndipo nikapiga magoti nikafungua kifungo. Wifi alinipigia ukelele kama vile nimemvua mtoto nguo barabarani. Nikamwambia atulie anitazame mimi. Nikapeleka mikono nyuma ya shingo, nikafungua kilemba changu, kile ambacho mkeo hajawahi kuniona bila kuwa nacho, si harusini kwenu, si siku aliyojifungua.

Wewe huhitaji kuambiwa waliona nini. Umeliona tangu unazaliwa. Jani lile lile, ncha ile ile kati ya nyusi, na kishungi changu, ambacho sasa kinafika begani.

Sinia la mchele lilimwagika lote. Wifi akasogea. Aligusa paji langu kwa kidole, kisha kwa kidole hicho hicho akagusa la mtoto, akarudia tena langu. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama na mimi nilipigwa na mvuke. Nikamwambia mimi nimezaliwa nacho. Nikamwambia mama yetu, ambaye hakuwahi kumkuta, alikuwa nacho pia, akikipaka rangi nyeusi kila mwezi, na mwanawe wa kiume ndiye aliyekuwa akimshikia kioo.

Akafikiri. Kisha akauliza kuhusu muundi wako wa kushoto, lile kovu jeupe ulilomwambia ni la kuunguzwa na uji utotoni. Nikamjibu ukweli. Katika nyumba yetu hakuna uji uliowahi kukumwagikia.

Mdogo wangu, uongo wa mguu ningeusamehe. Hata aibu ningeielewa, nimeishi nayo. Kinachonichoma ni vidole vinne. Nilikaa kwenye kiti cha mkeo na ule utepe magotini, nikaweka mkono wangu juu yake, ndipo nikajua kilichonikera siku nilipoumaliza. Ule ni utepe wangu. Ndio upana wa ule wa sufu alionifumia mama nilipoanza shule, ulioshuka mpaka kwenye nyusi, uliokuwa ukiniletea upele, na wewe ulikuwa ukinifungulia nyuma ya nyumba ili nipate upepo. Wewe uliyerudi na shati limechanika kwa kuwapiga wavulana walioniita Kishungi. Nimekupenda kwa shati lile maisha yangu yote. Mtindo wa sasa ulikuwa kichwani kwangu siku zote. Uliukumbuka upana wake, uzito wake, mahali unapokaa, ukachukua simu ukanituma mimi, kwa mikono yangu mwenyewe, nimfumie mwanao.

Wifi alitafuta ncha ya uzi, akalikata fundo kwa meno, akavuta. Unaijua kroshia, ukipata ncha haikatai. Ulifumuka mpaka kitanzi cha kwanza, mama mkwe wako akiviringisha uzi kwenye kiganja huku akinung'unika kwamba kumbe alimlaumu mwanawe bure. Kwa uzi ule ule nikamfumia mtoto utepe mwingine pale pale kwenye kochi, wa kidole kimoja, wa kukaa nyuma ya kishungi na kukiacha mbele kisimame. Mpiga picha alisubiri, akapewa chai, akasema picha hii hataipiga haraka.

Picha imo ndani ya bahasha. Mimi, mkeo na binti yako, vichwa wazi. Ibandike kwenye kibanda, na wakikuuliza anafanana na nani, waonyeshe. Nilirudi na basi bila kilemba, na sijakifunga tena. Mtoto mmoja aliniuliza kama nimemwagikiwa maziwa, nikamwambia ndiyo, mengi.

Mkeo alikwenda kwa dobi Jumatatu. Usimamizi haukurudi, ila pasi yake amerudishiwa. Kwako ana neno moja tu, ameniomba niliandike kama alivyolisema. Ukija likizo, uje umevaa kaptula. Kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni, bila soksi ndefu. Ukija na suruali, hatafungua.

Jitunze na hilo vumbi, na uwasalimie wenzako wa kibandani. Mama mkwe wako anakusalimu pia, ingawa kwa sauti ambayo siwezi kuiandika. Binti yako anakusalimu kwa meno mawili.

Ni mimi dada yako,

Kishungi