Kadi ya Hoteli Kubwa

Binti yangu,

Mimi sijambo, na paka wako kanenepa kama mto. Jana niliitumia ile kadi ya chakula uliyonitumia, nikala kwenye hoteli yenye matawi nchi nzima. Kuku mtamu, sikatai, na kiti laini kama kitanda. Ila pale waliniita "namba mia moja kumi na nne."

Narudi nyumbani, namkuta nani mlangoni? Mama wa mgahawa wa kona, aproni kiunoni, mwiko mkononi, anahema. Kaacha wateja kwenye foleni kwa sababu saa saba imepita na kiti changu cha kila mchana pale kwake bado kitupu.

"Baba, umetuweka roho juu! Siku ile ulipokosa kuja, si tulikukuta chini bafuni?"

Hilo sikukwambia, mwanangu. Nilisema niliteleza kidogo tu. Usinikasirikie, nimeshapona.

Nikamdanganya kwamba nilipitiwa na usingizi. Akanusa. "Na huyo kuku, ulimla ndotoni?"

Basi usihangaike kunitafutia mtu wa kuniangalia. Kadi bado ina pesa, nimempa yeye. Jumapili tunakwenda wote, ili naye siku moja apikiwe.

Ni mimi, baba yako mkaidi